Nilimzika Mtu kwa Sahani ya Pilau

Nianze na lenyewe, nisije nikazunguka mpaka nikaogopa. Nilimzika mtu ambaye sijawahi kumwona. Nilimzika kwa mdomo, mbele ya mama yake mzazi, na nilifanya hivyo ili nisinunue chakula cha mchana.

Ukiishia hapo utakuwa umeshanijua. Lakini kama una moyo wa kunisikiliza, kaa kidogo, maana jambo hili nimelala nalo miaka mingi na mke wangu peke yake ndiye anayelijua, na yeye ameshachoka kulisikia. Majina ya watu nimeyabadilisha. Langu sitalisema.

Mimi ni Mnubi wa Mbale. Babu zetu waliletwa huku kama askari kutoka Sudani, na serikali ya jeshi, iliyokuwa imejaa watu wetu, ilipoanguka watu hawakutaka kujua nani alikuwa askari na nani alikuwa akishona viatu. Jina la Kiislamu na Kiswahili kilichonyooka vilitosha kukuponza. Mimi nilikuwa dereva wa lori la pamba tu. Nilimchukua mke wangu Safia, na binti yetu Halima akiwa mgongoni, tukakimbilia Sudani. Tulizaa wengine wawili huko kambini.

Na huko ndiko nilikojifunza ubahili. Sikuzaliwa nao, muulizeni Safia. Lakini ukipanga foleni ya mgao wa unga mwaka hadi mwaka, mkono unazoea kujikunja wenyewe.

Tuliporudi, nchi ilikuwa inaanza kupumua. Nyumba yetu tuliikuta na watu wengine ndani. Nikapanga chumba upande wa viwandani, nikapata kazi ya kubeba magunia kwenye kinu cha unga. Watoto wangu walijua kupanga foleni, kunyamaza na kujificha. Kucheza walikuwa hawajui. Basi tukasikia kwamba kule Jinja, upande wa Masese karibu na ziwa, kuna mtu amefungua uwanja wa mabembea: farasi wa mbao wanaozunguka, vigari vya kugongana, gurudumu kubwa linalokupandisha mpaka unaona visiwa. Nikaapa kwamba Idd ile nitawapeleka, tulale huko, tucheze siku mbili kama watu wenye nafasi zao.

Nauli nikakubali. Chumba cha kulala wageni nikakubali. Tiketi za mabembea nikameza mate, nikakubali. Ila chakula! Kununua chakula ndani ya uwanja ule nilikuona ni kuibiwa huku umesimama. Nikamwambia Safia apike cha siku zote mbili.

Akasema, "Baba Halima, wali haulali na joto hili."

Nikamjibu kwamba wali uliolala nimeula sana kambini na sijafa. Akapika. Tukafunga masufuria kwa vitambaa, tukapanda basi kama watu wanaohama nyumba.

Langoni pale Masese mlinzi akatusimamisha. "Bwana, chakula ya nje hapana ingia. Mkubwa nakataa."

Nikamwambia, "Afande, hawa ni watoto wadogo."

"Mimi naona ni watoto," akasema. "Lakini sufuria si mtoto."

Safia alicheka. Mimi sikucheka. Tulikula nje ya uzio, juani, huku watoto wa wenzetu wakinywa soda upande wa pili wa waya. Ila tulipoingia, jamani, siku ile ilikuwa nzuri. Halima alipanda farasi wa mbao akiwa amekakamaa, ameshika shingo ya yule farasi kama anayezama. Mzunguko wa tatu akaachia mkono mmoja, akacheka. Nilikuwa sijawahi kumsikia mtoto wangu akicheka kwa sauti mbele ya watu nisiowajua.

Kesho yake Safia alifunua sufuria ya wali, akanusa, akaifunika. Kunitazama tu kulitosha.

Tulikunywa chai ya rangi, tukaenda uwanjani. Kufika adhuhuri watoto walikuwa hoi kwa njaa na yule mdogo analia. Mle ndani kulikuwa na kibanda cha kuku na viazi vya kukaanga. Niliuliza bei, nikashukuru, nikaondoka. Pesa nilikuwa nazo, na hilo nataka lieleweke vizuri. Zilikuwa kwenye soksi yangu ya kushoto. Sikuwa maskini siku ile.

Nikawatoa nje nikisema tutafute hoteli ya bei nafuu kule kwenye makazi. Hatukufika mbali. Upepo ulituletea harufu ya pilau, halafu tukasikia watu wanasoma Kurani, halafu tukaona turubai limetandwa uani na wanaume wa kanzu wameketi kwenye mikeka. Wanawake walikuwa wakipakua kutoka kwenye sufuria kubwa, na kando yao rundo la gurusa, zile chapati zetu laini za Kinubi. Nilizifahamu kwa mbali. Hawa walikuwa watu wetu.

Kwa asiyetujua, nieleze. Mtu akifa, sisi hufanya hitima, wenyewe tunaita karama. Watu husoma, humwombea maiti, halafu wote hula. Anayepita njiani huitwa. Hakuna anayefukuzwa kwenye karama, kwa sababu kila anayeshiba ni thawabu kwa marehemu.

Safia akanivuta kanzu. "Hatuwajui hawa watu."

"Karama haiulizi," nikamwambia. "Kaa na wanawake, walishe watoto."

Tuliingia. Tulipokelewa vizuri, tukapewa maji ya kunawa. Mzee mmoja mwenye fimbo, niliyekuja kumjua kama Mzee Doka, akanisogelea na kuniuliza kama wazee wetu wanavyomuuliza kila mgeni, "Mwanangu, wewe mtoto ya nani?"

Hapo ningesema ukweli. Ningesema, mimi ni wa Mbale, napita, watoto wana njaa. Baadaye, tulipokuwa tumeshazoeana, Mzee Doka aliniambia kwamba aliniuliza ili ajue aniketishe sinia la watu wa ukoo gani. Lakini mimi nilisikia kama nimekamatwa. Nilijiona mwizi mwenye pesa kwenye soksi. Nikatupa macho ukutani kutafuta la kusema, nikaona picha ya kijana mwenye sare ya jeshi, imewekewa ua la karatasi. Nikajua huyo ndiye marehemu.

Nikasema, "Mimi rafiki yake huyu. Tulikuwa pamoja Sudani."

Wasomaji wakakatiza kisomo. Mzee Doka akaniangalia, akaangalia picha, akaita ndani kwa sauti iliyokatika. Akatoka mama mtu mzima, mrefu, kanga yake imeteleza begani. Wote walimwita Haboba, maana yake bibi.

Sasa sikilizeni nilivyojinasa. Karama ile haikuwa ya kijana wa pichani. Ilikuwa ya baba yake, mume wa Haboba, aliyezikwa wiki chache nyuma. Kijana, nitamwita Ramadhani, alipotea wakati wa vita na hakuna aliyejua kama ni mzima au amekufa. Baba yake amekufa akimsubiri. Mimi nilikuwa sijui hata moja kati ya hayo.

Haboba akanishika mikono yote miwili. "Wewe naona Rama yangu? Iko wapi?"

Na mimi, nikidhani niko kwenye karama ya huyo kijana, nikasema, "Mama, pole. Mimi mwenyewe nilikuwepo tulipomzika."

Kilio kilichopigwa pale siwezi kukiandika. Wanawake waliachia vijiko. Mwanamke kijana aliyekuwa akipakua pilau alikaa chini pale pale mavumbini, mikono yake ina hina ya Idd. Huyo alikuwa Zaitun, mke wa Ramadhani. Nikaelewa kwamba nimefanya jambo kubwa, lakini nilikuwa sijaelewa ni lipi. Mzee Doka ndiye aliyenieleza, akidhani ananifariji: "Mwanangu, Mungu amekuleta. Baba yake tunasomea leo. Ya mtoto hatukuwa tunajua."

Mlango ulikuwa bado wazi wakati ule. Ningesema nimekosea, nimemfananisha. Wangenitukana, wangenifukuza, mimi na watoto wangu tungerudi Mbale na aibu yetu. Lakini Haboba alikuwa bado ameshika mikono yangu, na watu wote wamenizunguka, na kila niliyemtazama alikuwa akinitazama kama dawa.

Akauliza, "Alikuwa amekula?"

"Nani, mama?"

"Rama. Siku ile nakufa. Alikuwa amekula?"

Nikasema ndiyo. Nikasema alikula uji na akamtaja mama yake. Nikasema alikufa kwa homa, nikamwosha kwa mikono yangu, nikamzika chini ya mlima kabla ya kufika mji wa Yei. Kila nililoulizwa nililijibu, na lilikuja haraka, Mungu anisamehe, kama maji. Halima wangu, aliyekuwa amekaa na mama yake, akasema, "Baba, si ulikuwa na sisi?" Safia akamziba mdomo kwa tonge la gurusa. Sijui kama kuna aliyesikia.

Shehe wa mtaa alikuwepo. Akanieleza kwamba miaka yote hiyo Zaitun hakuweza kukaa eda wala kuolewa, kwa kuwa hapakuwa na shahidi wa kifo cha mumewe. Akaniuliza mbele ya watu, "Bwana, wewe nasema kweli? Wewe ulimzika?"

Nikasema kweli.

Zaitun akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amevua hereni na amevaa nguo nyeupe za eda.

Halafu Haboba akaenda kwenye kona, akaleta sahani iliyofunikwa kwa tabaga, yale makawa ya rangi wanayosuka wanawake wetu. Kila karama, kila Idd, yule mama alikuwa akimwekea mwanawe sehemu yake kabla ya mtu yeyote kula, na jioni akiigawa kwa majirani. Akaifunua mbele yangu. "Kula wewe," akasema. "Hii ilikuwa yake."

Nilikula. Wote walikuwa wakiniangalia, nikala mpaka nikamaliza, na hadi leo sijawahi kula chakula kigumu kama kile. Safia hakugusa kitu. Njiani kuelekea kituo cha basi watoto waliuliza kama tutarudi kwenye mabembea, na sisi wawili tukaongeza mwendo.

Nilidhani yamekwisha. Nilimwambia Safia kwamba angalau mama yule amepata kutulia. Safia akasema, "Wewe ndiye umepata kushiba." Akageuka upande wa ukuta.

Hayakwisha. Walinitafuta, maana wakati wa kuaga nilikuwa nimewatajia Mbale. Juma, mdogo wake Ramadhani, muuza samaki wa Masese, alikuja Mbale akauliza kwa Wanubi mpaka akafika mlangoni kwangu na kikapu cha sangara wa kukaushwa. Haboba amesema mimi sasa ni mtoto wake. Idd iliyofuata akaletwa mbuzi. Kinu cha unga kilipopunguza watu, Juma akaanza kunitumia samaki kwa gari niwauze soko la Mbale, bila kuniomba hata shilingi ya kuanzia. Watoto wangu walivaa na kusoma kwa samaki wale. Mimi niliyekwepa kununua mlo mmoja nikawa nalishwa na watu wale wale, mwaka hadi mwaka, na kila mlo ulikuwa ni sehemu ya mtoto wao.

Na kila nilipokwenda Jinja, Haboba alinikalisha karibu naye. "Niambie tena." Nami namwambia tena: uji, homa, mlima. Alikuwa ameyajua kwa moyo. Nikisahau neno alinikumbusha. Safia alikataa kwenda, alisingizia mgongo.

Zaitun alimaliza eda, baadaye akaolewa na fundi baiskeli wa kijiji cha Wanyange. Nilialikwa kwenye ndoa. Shehe alinitaja kwa jina kwamba bila mimi isingewezekana. Nilimwona Zaitun amevaa hereni tena, nikajidanganya kwamba labda nimefanya jambo jema.

Sasa nafika pale ninapopaogopa. Siku moja Juma alinitumia ujumbe nije haraka. Nilikuta Haboba amekaa mkekani, na mbele yake mama mmoja mfanyabiashara wa vitenge, mtu wa kwenda Arua na kuvuka mpaka wa Sudani. Alikuwa amekuja kuuza nguo, akaona picha ukutani.

"Mimi naona huyu mtu na macho yangu," akasema. "Msimu ya mvua ya juzi, kule ng'ambo. Iko mgonjwa, natembea na fimbo. Yeye nauliza kila mtu kama iko anayetoka Jinja. Mguu yake iko na kovu ya moto, hapa, chini ya goti."

Haboba akaweka mkono kifuani. Ramadhani aliungua mguu kwa mafuta alipokuwa mdogo. Mimi nilikuwa sijawahi kusikia habari za kovu.

Akanigeukia taratibu. Alikuwa hanishuku, masikini. Alikuwa anataka nimsaidie kuelewa. "Mwanangu, wewe ulimwosha. Hii kovu uliiona?"

Juma amesimama mlangoni, ameshika funguo za gari, yuko tayari kuondoka muda huo huo. Neno moja tu kutoka kwangu na angefika Arua kesho yake. Nikamfikiria Zaitun, ana mimba ya fundi baiskeli. Nikawafikiria samaki. Nikafikiria watu wote wa Masese wakijua. Mnaona mpangilio wangu? Ramadhani mwenyewe, aliyekuwa akiuliza njiani kwa fimbo, sikumfikiria hata mara moja.

Nikasema, "Niliiona, mama. Mimi ndiye niliyeifunika kwa sanda."

Yule mama wa vitenge akanikazia macho. "Bwana, na huyu mimi naona ni nani?"

"Watu wengi waliungua kwenye vita, dada," nikamwambia. "Umefananisha."

Alikusanya vitenge vyake, akavifunga. Haboba alimwomba radhi kwa kumsumbua. Juma akarudisha funguo mfukoni. Halafu Haboba akaniambia niketi nile, nisirudi Mbale na njaa.

Haboba amefariki. Nilikuwa mmoja wa walioshuka kaburini kumpokea, wakasema ndiyo heshima yangu. Baada ya karama yake nilimwaga yote kwa Safia, habari za kovu na funguo, maana hayo nilikuwa nimemficha. Alilia, halafu akasema, "Nenda kamtafute." Nikaenda Arua kwa siri, nikasema nafuata bei ya ufuta. Lakini wakati huo upande wa pili walikuwa na vita vyao, barabara zimefungwa, na askari wa mpakani akanirudisha. Niliuliza sokoni habari za yule mama wa vitenge. Kila mtu alinipa jina tofauti. Nikarudi.

Sasa mtaniambia, sema basi kwa Juma. Nimefika mlangoni kwake mara nyingi na neno liko mdomoni. Halafu mtoto wa Zaitun anakuja kunisalimia, ananiita baba mkubwa, na ninajiuliza nikisema, ndoa ya mama yake ni nini, na yeye ni nani? Nikinyamaza nimemwacha mtu barabarani. Nikisema nimevunja nyumba ambayo haina kosa. Nimekaa katikati hapo na sioni pa kutokea, na sitaki mnionee huruma, maana nimejifungia mwenyewe.

Nyinyi mnaopeleka watoto kutembea, wanunulieni chakula. Kula vizuri siku moja hakujawahi kufilisi mtu. Na kama mfukoni hamna kitu, au mna ubahili kama wangu, ingieni kwa watu mseme mna njaa. Mtapewa, na mtaondoka kama mlivyoingia.

Na wewe ndugu yangu, mwenye kovu chini ya goti, kama uko hai na kuna mtu anakusomea haya: huenda unadhani watu wa kwenu walikusahau. Hawakukusahau. Mama yako alikuwekea chakula chako kila Idd, mpaka siku niliyokuja mimi nikakila.